Ukurasa wa Tatu Umelowa

Gatton, Queensland
Jumapili, 9 Agosti 2020

Kwako Mjomba Hopoate,

Pokea salamu kutoka mahali pa baridi. Nisalimie mkeo. Nisalimie mama, umwambie nakula. Nisalimie mke wangu Seini, umwambie ile sweta niliyoicheka alipokuwa akinifungia sanduku, sasa silali bila kuivaa. Na umsalimie nguruwe wangu mweupe. Najua wewe unamwita wako, lakini mimi ni mtoto wa dada yako, na kila chenye miguu minne katika ua wako ni changu siku nikikitaka. Mlishe vizuri.

Sisi bado tunakata kabichi. Mkataba uliisha mwezi wa tano, tukaambiwa ndege hakuna, mpaka umefungwa, kaeni. Kabichi haijui habari za korona, yenyewe inakua tu. Tuko wanaume kumi na mmoja nyumba moja. Asubuhi tunapimwa joto kwenye paji la uso, halafu tunainama nyuma ya trekta mpaka mgongo unasahau kunyooka. Jumapili tunaimba na kanisa la nyumbani Kolovai kwa simu. Nyinyi mnamaliza ubeti, sisi ndiyo kwanza tunaanza, mchungaji anasema amina nasi bado tuko kwenye besi. Mwambie atungoje.

Uele wa shamba la jirani amepata nafasi kwenye ndege ya Alhamisi, ndiye atakayebeba barua hii. Itakaa naye karantini, kwa hiyo ikichelewa usinilaumu mimi.

Sasa nikueleze kilichonipata. Chuo kikuu kimoja cha Brisbane kinafanya utafiti. Wanataka kujua sisi tuliokwama huku tunapataje matibabu wakati huu wa maradhi, na tunavumiliaje. Wakaona watatupata vizuri wakiajiri wauguzi wa kwetu Tonga, watupigie kwa lugha yetu. Wauguzi wenyewe wote wanawake. Majina yetu wameyaficha, muuguzi anapewa namba ya simu tu. Wiki iliyopita simu yangu ikalia wakati wa chakula cha mchana, nikasikia sauti, "Habari za mchana, mimi ni muuguzi, ninapiga kwa ajili ya utafiti." Mjomba, nilisimama wima na kuvua kofia. Ilikuwa ni dada Kalolaine!

"Lisiate?"

"Ndiyo, dada."

Unajua mila yetu ya kaka na dada. Tangu nilipohamia kulala kibanda cha wavulana sijakaa chumba kimoja na dada yangu. Yeye akiingia, mimi natoka.

"Nimeagizwa nisome maswali yote," akasema. "Nisiruke hata moja."

"Soma tu, dada."

"Swali la saba. Tangu mwezi wa tatu umepata maumivu au uvimbe wowote mwilini?"

"Hapana, dada."

"Swali la nane."

"Hapana, dada."

"Sijalisoma bado."

"Jibu ni hapana, dada."

Wenzangu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Lakini nilipowauliza, Sitani akakiri kwamba yeye alipigiwa na binti wa baba yake mdogo, ambaye kwetu ni dada vilevile. Ana kidonda mguuni kinanuka, na akamwambia hajaumwa tangu azaliwe. Mwingine alipigiwa na dada wa upande wa mama. Visiwa vyetu ni vidogo, Mjomba, kila muuguzi ni dada wa mtu. Basi kwenye karatasi za chuo kikuu nyumba yetu ina afya kuliko mbinguni.

Sasa neno nisiloweza kumwambia mwingine. Korodani yangu ya kushoto imekuwa ngumu. Niligundua mwezi wa tano nikioga. Ilianza kama punje ya hindi, sasa ni kokoto kabisa. Haiumi, na hilo ndilo linalonitisha, maana kinachouma unakijua. Nikiinama chini ya tumbo panakuwa pazito. Kiongozi wetu hapa ni mtu wa kwaya, nikimweleza kanisa zima litajua. Mkalimani wa simu wa daktari naye ni mwanamke wa kwetu. Wewe unajua majani. Niambie nichemshe nini, au nitafute nini kinachofanana nacho huku. Nina hofu, Mjomba. Mtoto wangu hajatimiza hata mwaka. Usimwambie mtu, na zaidi ya watu wote usimwambie dada.

Mimi mpwa wako,
Lisiate


Kolovai
20 Septemba 2020

Lisiate, mwizi wa nguruwe,

Barua yako imefika. Uele ameitoa karantini akiwa amenenepa, wanawalisha vizuri humo. Sote wazima. Mama yako anauliza unakula nini hasa, "nakula" si jibu. Mtoto wako ana meno mawili na ameanza na kidole changu. Seini amecheka habari ya sweta, kisha akaenda nyuma ya nyumba kidogo, akarudi macho mekundu.

Mchungaji amesema hawezi kungoja Australia. Imbeni haraka.

Hapa ugonjwa wenyewe haujaingia, Mungu ametulinda. Lakini mpaka umefungwa kwa wabaya na wazuri sawasawa. Wale madaktari wa kigeni waliokuwa wakija kila mwaka, mwaka huu hawakuja.

Ukurasa wa tatu umelowa. Hausomeki. Uele mzembe. Kama uliandika neno la maana humo, rudia.

Dada yako alipita hapa siku barua ilipofika. Aliondoka kabla ya chai, tena akasahau viatu vyake mlangoni. Kesho yake tukamsikia uani akigombana kwa simu na mkubwa wake wa utafiti, yule Dokta Bronwyn. Waligombana kwa Kiingereza, kijiji kizima kilisikia na hakuna aliyeelewa. Mkeo alishika neno moja tu, "wanaume," limerudiwa mara nyingi.

Nguruwe amekonda. Usimtegemee.

Hopoate


Gatton, Queensland
Jumapili, 22 Novemba 2020

Mjomba,

Nawasalimu wote, mmoja mmoja, na leo nawasalimu kwa furaha, utaona kwa nini. Mwambie mama nakula magimbi. Kuna Mtonga anayeyalima karibu na Brisbane, anatuletea Jumamosi, na tui la kopo tunalo. Anaridhika sasa? Mwanangu mwambieni asimalize vidole vya wazee.

Barua yako ilinikuta kitandani. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi simu ililia tena, namba ya utafiti ileile. Nilitaka kuitupa kwenye kabichi. Nikapokea, nikasikia sauti nene.

"Ndugu, naitwa Penisimani, muuguzi. Mimi ni mwanamume, kwetu ni kisiwa cha Vava'u, na nimemuuliza bibi yangu: ukoo wetu na watu wa Kolovai hatujawahi kukopeshana hata kuku. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Vizuri. Nina karatasi za nyumba yenu hapa. Wanaume kumi na mmoja, maswali yote hapana. Nyinyi ni watu au malaika?"

"Malaika wachovu," nikamwambia.

"Basi tunaanza upya. Swali la saba. Uvimbe?"

Nikageuka kuona wenzangu wako mbali kiasi gani.

"Juu ya mkanda au chini?"

Mjomba, hakungoja nijibu kama upo. Aliuliza uko wapi. Nikasema chini. Akasema, "Haya, usinieleze kwa mafumbo, mimi nina waume za watu thelathini wa kuwapigia mchana huu." Nikamweleza yote, nimechuchumaa katikati ya mashamba, trekta linaniacha. Hakucheka. Akasema, "Umefanya vyema. Sasa usiende popote, nakupigia baada ya nusu saa." Akapiga baada ya dakika kumi. Siku ya tatu nilikuwa mbele ya daktari, na yule Penisimani kwenye simu akitafsiri, mwanamume kwa mwanamume. Wiki ya pili nikapasuliwa. Wameitoa ya kushoto. Ilikuwa saratani. Daktari anasema imetoka yote, nitapimwa damu mara kwa mara, na kwamba ningengoja msimu mwingine angekuwa na maneno mengine ya kuniambia.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye ukurasa wako wa tatu.

Nataka uwajue watu walionitendea mema, uwataje kwenye sala. Mama mwenye shamba alinipeleka hospitali kwa gari lake. Hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya korona, akakaa kwenye gari tangu asubuhi mpaka saa tisa, barakoa usoni, madirisha wazi. Niliporudi aliniletea supu ya kuku isiyo na chumvi hata kidogo, nikaimaliza yote. Wenzangu kumi walikata mistari yangu wiki nne na hakuna aliyenikumbusha. Na Sitani naye kidonda chake kimetibiwa, kumbe ni sukari, sasa anameza vidonge na kututukana tukiweka asali kwenye chai. Penisimani ametoa wagonjwa watano kwenye nyumba ya malaika.

Lakini Mjomba, kuna mambo mawili hayaniingii akilini. La kwanza, Uele aliibeba barua ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia, ndani ya begi. Nimempigia, ameapa haikupata hata umande. Ililowa wapi? Na huyu Penisimani alijuaje kuniuliza juu au chini?

La pili, unaandika herufi kubwa kama bango la duka. Mstari unaanza juu unaishia chini. Ni kava umekunywa nyingi mno, au unanificha kitu?

Mpwa wako, mwepesi kidogo kuliko zamani,
Lisiate


Kolovai
17 Januari 2021

Mwanangu Lisiate,

Leo sikuiti mwizi.

Mwaka mpya umetukuta wazima. Mama yako alipopata habari alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye njia, na majirani wakadhani ameanguka. Kisha akaanza kuimba. Seini anasema nikuambie hakuolewa na hesabu, urudi na ulichonacho.

Nguruwe nimemchinja. Tulifanya sala ya shukrani, tukamchoma mzima, tukakupigia simu wakati wa kuimba na haukushika mtandao. Alikuwa mnene kuliko nilivyokuandikia. Nilikudanganya ili usimtamani, kisha nikamla kwa ajili yako. Yupo mwingine, mwekundu, huyo wako bila ubishi.

Sasa maswali yako.

Macho yangu yameingia ukungu. Yalianza mwaka juzi. Madaktari wa macho wangenipasua mwaka jana, jina langu lilikuwa kwenye orodha, ndipo mpaka ukafungwa. Naona mlango, naona mtu, sura siioni. Kuandika naandika, mkono unakumbuka, ila lazima iwe kubwa. Kusoma siwezi. Sikukwambia kwa sababu una kazi ya kutosha huko bila kumbeba mjomba kipofu.

Barua zako nasomewa. Msomaji wangu tangu mwaka juzi ni Kalolaine.

Ngoja, usiitupe barua. Keti, umalizie.

Siku ile alisoma ukurasa wa kwanza, tukacheka. Akasoma wa pili, habari ya simu, akacheka mwenyewe mpaka akafuta machozi, akasema, "Kweli, hakuningoja hata nisome!" Akafungua wa tatu. Akasoma maneno matatu kwa sauti, akanyamaza. Alikuwa anausoma mpaka mwisho, najua sasa. Kisha akasema, "Mjomba, ukurasa wa tatu umelowa. Hausomeki." Akaukunja, akanipa mkononi, akaondoka bila viatu.

Mimi macho yamekwisha lakini vidole ninavyo. Karatasi iliyolowa ikikauka hukakamaa. Hii ilikuwa laini kama nyingine. Nikajua kuna jambo, na kwamba amelipata mtu anayejua la kufanya kuliko mimi na majani yangu. Nikakuandikia kama alivyosema. Miezi ile nilikuwa sijui mpwa wangu anaumwa nini, ila nilijua anaumwa, na nguruwe nilikuwa namlisha bila kumwona.

Barua yako ya Novemba ilipokuja nilimwita. Aliipokea, akaipima mkononi bila kuifungua, akasema, "Hii mpe mchungaji akusomee." Mchungaji akanisomea. Alikohoa mara mbili, lakini alisoma yote.

Nikamwuliza Kalolaine ana kwa ana. Nikasema, "Mwanangu, ulifanya nini?" Akasema, "Nilimwambia Dokta Bronwyn kwamba utafiti wake umeharibika. Ametuma dada kuwauliza kaka miili yao, amepata sifuri, na anaiita sifuri hiyo afya. Nikamwambia atafute wanaume, na aanze na nyumba ya Gatton."

"Kwa nini Gatton?"

"Pana watu wengi."

"Ulimtaja Lisiate?"

"Sikumtaja mtu. Nilisema waulizeni wote mmoja mmoja, juu ya mkanda na chini ya mkanda."

"Na ukurasa?"

"Mjomba," akasema, "ukurasa wa tatu ulilowa. Nitakufa nikisema ulilowa."

Basi na mimi nimekwambia, na sitakwambia tena. Ukirudi, yeye akiingia wewe toka kama kawaida. Asikuone umejua.

Mjomba wako,
Hopoate


Gatton, Queensland
Jumapili, 21 Machi 2021

MJOMBA,

HERUFI HIZI NIMEZIANDIKA KWA KALAMU NENE YA KUANDIKIA MAKASHA YA KABICHI. SITANI ALIZITAZAMA AKIWA MLANGONI AKAZISOMA. KAMA YEYE AMEZIONA, NA WEWE UTAZIONA. SOMA MWENYEWE, USIITE MTU.

NYOTE SALAMU. DAMU YANGU WAMEIPIMA TENA, SAFI. NIMERUDI SHAMBANI, KAZI NYEPESI, NAPANGA MAKASHA TU. NDEGE WANASEMA MWEZI WA TANO. NITAAMINI NIKIFUNGA MKANDA.

UMENIFICHA MACHO, MIMI NILIKUFICHA LA KWANGU, KISHA WOTE WAWILI TUKAANDIKIANA "SOTE WAZIMA." NIMEKASIRIKA KWA MUDA WA CHAI MOJA, IKAISHA.

KWENYE KIFURUSHI UTAKUTA KIOO CHA KUKUZIA CHENYE TAA. KIWEKE JUU YA MAANDISHI, USIKIWEKE JICHONI. NIMEMWELEZA PENISIMANI HABARI ZA MACHO YAKO, AKAMWELEZA DOKTA BRONWYN. AMEANDIKA KWENYE UTAFITI KWAMBA MPAKA ULIPOFUNGWA, NYUMBANI NAKO WAPO WALIOACHWA KWENYE ORODHA. ANASEMA HAWEZI KUAHIDI KITU. LAKINI AMEANDIKA.

ASANTE KWA NGURUWE. ASANTE KWA KULALA NA NENO MIEZI ILE YOTE BILA KULIJUA. MWEKUNDU MLISHE.

KARATASI YA MWISHO NIMEIANDIKA KWA HERUFI NDOGO. KIOO HAKITATOSHA. MPE YULE AMBAYE KURASA HULOWA MIKONONI MWAKE, AKUSOMEE.

LISIATE


Mjomba, haya madogo ni ya utafiti tu, hayana jambo.

Wiki hii Penisimani amefunga maswali na nyumba yetu. Tulifika la kumi na mbili: ulipokuwa na hofu ulifanya nini ili uvumilie? Nilimwambia niliimba besi, nikaandika barua. Akasema wengi wamesema kuimba, wa barua ni mimi peke yangu.

Halafu likaja la kumi na tisa, la mwisho. Katika wakati huu wote, ni nani aliyekusaidia kupata matibabu? Nilimtaja yeye Penisimani, akasema yeye hahesabiwi. Nikamtaja mama mwenye shamba, na wenzangu kumi. Akasema, "Kabla yao. Wa kwanza." Nikafikiri sana, makasha yakirundikana mbele yangu. Nikamwambia aandike hivi: Mtu mmoja ambaye hakuniuliza.

Akasema, "Hilo si jina, ndugu. Wale wauguzi wa kwanza kule nyumbani, ndio wanaopiga chapa majibu siku hizi, watashindwa nalo."

Nikamwambia, "Andika hivyohivyo. Anayepiga chapa atalijua."

Na ukurasa huu nao ukilowa, Mjomba, sitamlaumu Uele.